Ikweta Haijahama

Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi bila gharama. Ndiyo maana Waitalia walisimika jukwaa la San Marco katika bahari ya Ngomeni, saa chache kutoka Kisauni. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa hapo ikiitwa Uhuru: jina la wenyeji, chombo cha wageni. Urushaji ulikoma mwaka 1988. Italia iliegemea ushirika wa Ulaya, na roketi yake Vega ikaanza kuruka mwaka 2012 kutoka Guyana ya Kifaransa. Hata Taifa-1 ya Kenya, mwaka 2023, ilirushwa kutoka California! Mkataba wa Ngomeni ukijadiliwa tena, serikali na idai kwanza mafunzo ya uhandisi kwa vijana wa Pwani, kuanzia Likoni na Changamwe hadi Ngomeni kwenyewe. Kodi ya jukwaa ifuate baadaye.