Mikono Inayochambua Taka Zetu

Hapa Mpwapwa anayeokota chupa na vyuma chakavu tunamdhania kichaa. Kule Cairo, Misri, hiyo ni kazi ya ukoo. Tangu miaka ya 1940 akina baba na wana wao huzoa taka nyumba kwa nyumba, mama na mabinti huzichambua. Mabaki ya chakula walilisha nguruwe. Mwaka 2009 serikali iliamuru nguruwe wachinjwe kwa hofu ya mafua, ingawa wataalamu walisema si wao wanaoyaeneza. Taka zikaoza mitaani.

Nasi tunawaumiza waokotaji wetu. Tunatupa nyembe na sindano pamoja na maganda! Mtoto akichomwa, pepopunda na homa ya ini havibishi hodi. Tuzitie kwenye kopo lenye mfuniko; sindano tuzirudishe zahanati.