Dhahabu Inapita, Ushirombo Inabaki na Vumbi

Makamanda, tuongee hesabu.

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Hadi 2012 tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, kisha tukaingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapa hapa, barabara ya Isaka–Kahama–Lusahunga. Wakulima wanalima pamba, tumbaku, mahindi na mpunga. Vijana wako kwenye maduara na makarasha. Sasa mtu asituambie wilaya hii haina uchumi. Uchumi upo. Swali ni nani anabaki na hela.

Mimi nasoma sheria, kwa hiyo naanzia hapo. Mabadiliko ya sheria ya 2017 yaliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 6, na ada ya ukaguzi asilimia 1. Zote ni za Serikali Kuu. Halmashauri iliachiwa ushuru wa huduma, uliokuwa hauzidi asilimia 0.3 ya mauzo.

Piga hesabu kwa viwango hivyo. Dhahabu ya shilingi milioni 10 ikiuzwa, Serikali Kuu inachukua 700,000. Halmashauri, ikipata kiwango cha juu kabisa, ni 30,000. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ikopeshwe vikundi: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Fungu la vijana katika hiyo 30,000 ni shilingi 1,200. Jamani, hiyo ni hela ya chai na chapati!

Na hata hiyo haikusalimika. CAG alipoibua vikundi hewa, Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo nchi nzima. Walioiba ni wachache, waliokaa zaidi ya mwaka bila mkopo ni vijana wote.

Watasema mbunge wa Bukombe alikuwa Waziri wa Madini tangu 2019, na 2023 akawa Naibu Waziri Mkuu. Sawa. Lakini cheo cha mtu si haki ya wananchi. Haki inaandikwa kwenye sheria, cheo kinaondoka na mwenyewe.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani, wakati mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais na madiwani hawawezi kumfukuza?

Madai yetu ni matatu. Sehemu ya mrabaha ibaki kisheria kwenye wilaya inakotoka dhahabu. Mapato ya ushuru wa huduma na majina ya vikundi vilivyokopeshwa vibandikwe kila robo mwaka kwenye ofisi ya kila kata. Mkurugenzi awajibike kwa madiwani tuliowachagua.

Kikao cha baraza la madiwani ni cha wazi. Twendeni tukakae, tusikilize, tuandike kila tarakimu. Anayeona hatumwi kujibu hatajibu.