Mama Chiku ataka meli

Safari hii mwenzenu nimebanwa. Korosho zimeuzwa mnadani, hela imeingia, mara mama watoto ananiwekea picha mezani: ghuba ya Ha Long, kule Vietnam. Visiwa vya mawe ya chokaa kama 1,600 vimechomoza baharini, na meli za kifahari zinapita katikati yake taratibu. Unalala humo siku mbili tatu, kitanda cha maana, kiyoyozi, msosi wa nguvu.

"Baba Chiku, twende."

Jamani! Sisi wa Newala, juu ya uwanda huu, maji tunayajua kwenye ndoo. Meli niliyopanda mimi ni ile ya Dar hadi Mtwara, miaka ya tisini, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003. Masika yakikata barabara, Mmakonde utafanyaje? Tulilala juu ya magunia, wiki moja baada ya ndoa. Bibi harusi alitapika usiku kucha, nami nikimshikia ndoo nikaahidi: "Ipo siku nitakupandisha meli yenye kitanda."

Kumbe hajasahau.

Nikaleta ujanja. Nikampeleka Masasi, nikamwonyesha vile vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja kwenye tambarare. "Si visiwa hivi? Basi tu maji hayapo." Akacheka kidogo, akanyamaza njia nzima mpaka Newala.

Asubuhi nikafungua daftari la matumizi. Salfa, palizi, ada ya Chiku. Chini kabisa kaandika "meli" kwa penseli, halafu kaifuta mwenyewe.

Nimeiandika tena. Kwa wino.