Hilo Taji Lako la Strava ni Kosa la Hesabu

Waliozoea kupita hapa wanajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu, na kwamba nikiondoka kwenye tarakilishi huwa napanda baiskeli. Ninazo mbili, moja ya lami na moja ya mlimani, na nina binti wa miaka minne anayeamini kwamba zote ni zake. Leo nayachanganya hayo yote kwa sababu nina ugomvi. Ugomvi wenyewe ni kati yetu, sisi waendesha baiskeli wa ridhaa hapa Kenya, na hasa sisi tulio wazazi.

Nasema hivi: kushindana na saa kwenye barabara iliyo wazi, katikati ya matatu na malori, si mchezo. Na ile namba tunayoihatarishia maisha mara nyingi ni kosa la hesabu tu. Nitathibitisha, msinirukie kwanza.

Kwa wasioijua Strava: ni programu ya simu iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009. Unaiwasha ukianza safari, nayo inasoma GPS na kuchora njia uliyopita. Mtumiaji anaweza kukata sehemu ya barabara, kutoka nukta hii hadi ile, akaifanya kipande. Tangu hapo kila apitaye anapimwa muda na kupangwa kwenye orodha. Aliye juu kabisa anavikwa taji na kuitwa mfalme wa mlima, au malkia. Tazama jina lenyewe. Mfalme wa MLIMA! Lakini nenda kaangalie orodha za hapa Nairobi na viunga vyake. Vipande vingi vinavyogombaniwa havina mlima wowote. Ni mita mia tano za lami tambarare, kuna steji ya matatu upande huu na kibanda cha mboga upande ule.

Kwa nini wazazi ndio tulionaswa zaidi? Kwa sababu hatuna muda. Mashindano halisi yanakula Jumapili nzima. Unaamka saa kumi usiku, unafunga baiskeli juu ya gari, unasafiri, unalipa ada, unarudi jioni ukiwa hoi. Mwenye mtoto mdogo, na mwenzake naye anafanya kazi, hana Jumapili hiyo kila wiki. Kipande cha Strava kinamwambia: nipe nusu saa tu, saa kumi na mbili asubuhi, mtoto akiwa bado amelala. Hakuna ada, hakuna kujiandikisha. Lakini pia hakuna aliyefunga barabara, hakuna huduma ya kwanza, na hakuna mtu anayehesabu mwishoni kama wote mmerudi.

Haya, twende kwenye hesabu. Hapa ndipo nataka wenzangu wa tarakilishi mnisikilize.

Chukua kipande cha mita 500 kwenye tambarare, na mpanda baiskeli anayekwenda kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo anakimaliza kwa sekunde 36. Sasa, GPS ya simu ya kawaida chini ya anga wazi huweza kukosea kwa takriban mita 5. Ukiwa chini ya miti au kando ya majengo marefu inakosea zaidi. Mita 5 mwanzoni na mita 5 mwishoni ni mita 10, yaani sekunde 0.7. Tena kifaa hakirekodi mfululizo. Kinaandika nukta moja kila sekunde, na vingine, ili kuokoa betri au nafasi, huandika kila baada ya sekunde kadhaa. Mstari wa kuanzia unaangukia katikati ya nukta mbili zilizoachana mita 14, na programu inabaki kuchagua iliyo karibu. Hapo unaweza kupoteza nusu sekunde mwanzoni na nyingine mwishoni. Jumlisha: sekunde 1.7 kati ya 36. Hilo ni kosa la karibu asilimia 5!

Sasa niambie, wewe uliyemshinda jirani yako kwa sekunde moja wiki iliyopita, umemshinda nani? Umeishinda setilaiti.

Geuza upande wa pili. Chukua mlima halisi wa kilomita 5 unaopanda mita 300, wa kupandwa kwa dakika 20. Makosa ni yale yale, lakini mwendo ni mdogo, mita 4 hivi kwa sekunde. Yote yakijumlishwa hayafiki sekunde 4 kati ya sekunde 1200, yaani chini ya asilimia 0.3. Tena mlima haudanganyi kuhusu nguvu. Ukiwa na baiskeli yako mna uzito wa kilo 80, kuinua uzito huo mita 300 kwa dakika 20 kunahitaji takriban wati 196, kabla hujaongeza upepo na msuguano wa matairi. Huwezi kuzipata wati hizo kwa kujibana nyuma ya lori, na taa nyekundu haina la kukupunguzia. Hapo saa inapima miguu na mapafu.

Kwenye lami tambarare saa inapima mambo mengine kabisa. Inapima upepo ulivumaje. Inapima kama ulijificha nyuma ya matatu. Na inapima kama ulikuwa tayari kutoshika breki, na hapa pananitia hofu kuliko kwingine. Hebu tupige hesabu ya breki pia. Kwa kilomita 50 kwa saa, ukichukua sekunde moja kushtuka, kisha breki nzuri kwenye lami kavu, unasimama baada ya takriban mita 33. Kwa kilomita 25 kwa saa unahitaji mita 12 tu. Tofauti ni mita 21. Mtoto anayeukimbilia mpira hatoki umbali wa mita 33, anatoka pale pale mlangoni.

Sisi watengeneza programu tuna ugonjwa mmoja. Kile kinachopimika kirahisi ndicho tunachokifanya muhimu. Muda kati ya nukta mbili ni rahisi kupima, basi ndio ukawa mchezo. Programu haimwoni mama anayevuka na mkokoteni wa mitungi. Haioni tuta jipya. Haijui kama uliruka taa. Ingekuwa programu ya benki inayofanya kazi hivi, inahesabu fedha zinazoingia na kufumbia macho zinazotoka, tungeikataa siku ya kwanza ya majaribio.

Na haya si ya kubuni. Mwezi Juni 2010, huko Berkeley, California, mwendesha baiskeli alifariki akiteremka kwa kasi kwenye barabara iliyo wazi, baada ya rekodi yake kwenye Strava kuchukuliwa na mwingine. Familia yake iliishtaki kampuni hiyo mwaka 2012, na kesi ikatupwa mwaka 2013. Kisheria, hatari ilikuwa yake mwenyewe. Mwezi Machi 2012, San Francisco, mwendesha baiskeli alimgonga mzee wa miaka 71 aliyekuwa akivuka barabara, na mzee akafariki. Data za safari hiyo zilikuwa kwenye Strava. Mwendeshaji alikiri kosa la jinai mwaka uliofuata. Yule wa Berkeley unaweza kusema alichagua mwenyewe. Je, yule mzee? Alijiandikisha wapi?

Najua hoja mtakazoniletea, kwa hiyo nizijibu mapema.

Hoja ya kwanza: hata mashindano rasmi yanaua. Ni kweli, na inauma. Nahodha wetu Suleiman Kangangi, Sule, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe ya Vermont, Marekani. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Ikiwa mtu mwenye ujuzi wa Sule anaweza kufa kwenye mashindano yaliyoandaliwa na kusimamiwa, sisi wa Jumamosi asubuhi tunajiona akina nani hata tushindane mahali ambapo hakuna chochote kilichoandaliwa?

Hoja ya pili: tatizo ni madereva na barabara mbovu, kawaambie serikali. Nawaambia, na nitaendelea. Barabara ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012 ilikuja na njia za baiskeli, na leo tunazigawana na watembea kwa miguu, bodaboda na mikokoteni. Tunahitaji njia nyingi zaidi na bora zaidi. Lakini tutadai njia salama kwa mdomo upi, ikiwa sisi wenyewe tunapita hapo kwa kasi ya pikipiki tukimpigia kelele mwanafunzi atupishe? Kwa mwenye kutembea, sisi ndio matatu.

Hoja ya tatu: bila orodha hakuna atakayefanya mazoezi. Hii inanichekesha. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alianza kuelekezwa na David Kinjah huko Kikuyu miaka mingi kabla Strava haijazaliwa. Aliyemfundisha alikuwa mtu, tena mtu anayeweza kukuambia punguza mwendo.

Basi tufanye nini? Sitaki kulalamika tu kisha niende zangu.

Kwanza, vilabu vyetu vikubaliane: saa ipime milima pekee. Marekani kuna mashindano ya wapanda baiskeli wa ridhaa ambayo muda huhesabiwa kwenye vipande vya kupanda tu, na sehemu nyingine zote ni matembezi. Mtu anateremka taratibu kwa sababu hakuna anachopoteza. Tunakosa milima sisi? Tumezungukwa!

Pili, Strava yenyewe ina mahali pa kuripoti kwamba kipande ni hatari, na kikishawekewa alama hiyo orodha ya kasi huondolewa. Tukitumie. Kipande kinachopita kwenye soko, shule au makutano, kiripoti leo. Wenye mataji yao watanuna, wapeni pole. Na anayetaka heshima kwa lazima ipo nyingine, iliyoanzishwa na Strava mwaka 2020, anayopewa mtu aliyepita kipande mara nyingi zaidi ndani ya siku 90 bila kujali kasi. Hiyo inamfaa mzazi kabisa. Inapima kuamka.

Tatu, GPS iwe mlinzi, iache kuwa mwamuzi. Septemba 2024, kwenye mashindano ya dunia ya Zürich, Uswisi, msichana wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka kwenye mteremko wa msituni siku ya mvua. Muda mrefu ukapita kabla ya kupatikana, na akafariki kesho yake. Mwaka uliofuata, mashindano hayo yalipokuja Kigali, mara ya kwanza barani Afrika, waendeshaji walifungiwa vifaa vya GPS ili wasimamizi wajue kila mmoja yuko wapi. Teknolojia ni ile ile inayokupa taji lako la sekunde moja. Kosa la mita 5 linaharibu mashindano ya mita 500, lakini kwa anayekutafuta mtaroni mita 5 zinatosha kabisa. Mke wangu huniona kwenye ramani kila ninapotoka.

Nne, na hili ndilo ninalolitaka kuliko yote, tuandae mashindano madogo ya baiskeli za mlimani yanayowafaa wazazi. Mchezo wa nyika wa Olimpiki, ulioanza Atlanta mwaka 1996, hukimbiwa kwenye mzunguko mfupi, kilomita 4 hadi 6 hivi, unaorudiwa. Sisi tufupishe zaidi. Shamba la mtu aliyekubali, au njia ya msitu iliyoombewa ruhusa na kufungwa. Sisemi Karura siku ya kawaida, pale kuna watoto wanaotembea na baiskeli ni wageni. Mzunguko wa kilomita 3. Akina baba nusu saa, kisha watoto mita mia mbili, kisha akina mama nusu saa. Yule asiyekimbia ndiye anayeshika mtoto. Saa nne asubuhi kila mtu yuko nyumbani na Jumapili bado ipo.

Mtauliza muda utapimwaje. Hapo hata GPS haihitajiki. Tarakilishi moja kwenye meza, mtu mmoja anaandika namba ya kila anayekatiza mstari, programu inaweka saa na kuhesabu mizunguko. Wa kwanza anaonekana kwa macho, na anayebisha anaambiwa na waliokuwa wamesimama pale. Na namba isipotokea kwenye mzunguko unaofuata, programu inapiga kelele na mtu anatumwa kwenda kumtafuta mwenye namba hiyo. Hiyo ni kazi ya jioni mbili, na nitaifanya bure.

Kwa hiyo klabu yoyote ya Nairobi, Kiambu au Machakos yenye shamba au njia ya kutuazima kwa asubuhi moja, niambieni. Tarakilishi na meza nitaleta mwenyewe. Na wewe uliyekasirika kwa sababu ya taji lako, njoo pia. Tutakupa namba.