Dawa Zipo, Je, Wa Kumfuatilia Mgonjwa Yupo?

Huenda kuna mama mtaani kwenu ameishi na virusi vya Ukimwi miaka 20 na wewe hujui. Jioni anakaanga viazi karai, mtoto wake umesoma naye, na kwenye harusi ndiye anayesimamia pilau. Kila usiku anameza tembe moja, basi. Hata Ramadhani haimpi shida, anaimeza baada ya kufuturu. Huko kutojua kwako ndiyo dalili kwamba matibabu yamefaulu.

Waulize wazee ilivyokuwa zamani. Mwaka 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Dawa zilikuwepo duniani, lakini matibabu ya mtu mmoja kwa mwaka yalipita dola 10,000. Nani huku kwetu angelipa? Watu walirudishwa nyumbani wakafie huko. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema dawa hizo inaweza kuzitoa kwa dola 350 kwa mwaka, na mwaka huo huo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungua mlango kwa dawa za bei nafuu. Kampuni kubwa hazikufurahi. Mwaka 2006 serikali ikafuta ada ya ARV katika hospitali za umma.

Halafu mlango ule ule nusura ufungwe. Sheria ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 iliandikwa kwa maneno mapana mno, kiasi kwamba dawa halali ya bei nafuu ingeweza kuhesabiwa kuwa bandia. Wakenya watatu wanaoishi na virusi wakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akakubaliana nao: sheria ile ilihatarisha haki yao ya uhai, ya heshima na ya afya. Kesi hii hatuitaji sana tunapozungumza haki za raia, na mimi naona ni kosa letu.

Lakini kuna kosa kubwa zaidi. Tunadhani dawa ikishafika, kazi imekwisha. Kumuanzishia mtu ARV ni rahisi. Kumuweka kwenye dawa miaka 20, hapo ndipo penye kazi. Lazima awepo mtu wa kugundua kwamba fulani hakuja kuchukua dawa zake. Awepo wa kumpigia simu, na wa kumfuata nyumbani bila jirani kujua amefuata nini. Pia damu yake ipimwe, angalau mara moja kwa mwaka, ionekane virusi vimebaki kiasi gani. Vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, na akaendelea na dawa, mwili wake unashika nguvu na hamuambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Asipopimwa, dawa inaweza kuwa imeshindwa kitambo na hakuna anayejua mpaka aanguke.

Sasa, hawa watu wa simu na wa kufuatilia, nani alikuwa anawalipa? Kwa sehemu kubwa ni Marekani, kupitia mpango wa PEPFAR ulioanzishwa 2003. Januari 2025 ilipotoka amri ya kusimamisha misaada, wengi walirudi nyumbani ghafla. Mimi nilipita kliniki moja mwezi uliofuata. Dawa kwenye rafu zilikuwepo. Aliyekuwa akiwatafuta waliokosa kuja hakuwepo, daftari lake liko pale pale mezani, na nesi aliyebaki alikuwa na foleni mpaka nje.

Msinielewe vibaya, waliotusaidia tuwashukuru, maisha mengi yameokolewa. Ila tulishaonywa. Mwaka 2021 shehena ya ARV ilikwama hapa hapa Bandari ya Mombasa kwa miezi, wakubwa wakivutana juu ya ushuru na nani azisambaze. Waliokuwa wakipewa dawa za miezi mitatu wakaanza kuhesabu tembe.

Utaambiwa hakuna pesa. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Tembe zenyewe siku hizi hazifiki dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Hospitali na wafanyakazi wake wako chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo mshahara wa yule wa daftari ni swali la MCA wako, si la Washington.

Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, kisha wananchi huitwa kutoa maoni. Mara nyingi ukumbi huwa na watu wachache na soda nyingi. Nenda. Usiulize "Ukimwi mmeutengea nini," watakujibu maneno matamu. Waambie wakuonyeshe ukurasa. Ni wahudumu wangapi wa kufuatilia wagonjwa wanaolipwa na kaunti yenyewe? Vifaa vya kupima wingi wa virusi vikiisha Agosti, vitanunuliwa kwa fungu gani? Baki umesimama mpaka wafungue huo ukurasa.