Mada Tata katika Insha za Maombi ya Chuo: Kunena au Kunyamaza?

Nafasi katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya hugawanywa kwa kuzingatia alama za KCSE, na mwombaji hatakiwi kujieleza kwa insha. Hali huwa tofauti kwa anayeomba ufadhili wa masomo au nafasi katika chuo cha Marekani. Huyu aghalabu hudaiwa insha inayobainisha yeye ni nani; fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya huko humruhusu maneno yasiyozidi 650. Swali linaloibuka ni je, inafaa aandike juu ya mada tata? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea kaunti za Migori na Homa Bay.

Katika kaunti hizi, mada tata ni maisha ya kila siku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kiwango cha maambukizi ya VVU kilikuwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13.0 Migori, ilhali cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Kwenye fuo za ziwa kuna jaboya, yaani mtindo wa mvuvi kumdai mchuuzi wa kike ngono ili amuuzie samaki. Huko Kuria, ukeketaji ungali unawagawanya wazee na vijana. Kijana wa huku akikatazwa mada tata, huenda akabaki bila la kusema.

Hata hivyo, wapo walimu wanaoshauri kimya. Hoja yao ni kwamba msomaji wa insha hajulikani imani wala msimamo wake, na sentensi moja yaweza kumkera. Hoja hii ina uzito, lakini mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya kuitilia shaka. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kabla ya kukubalika baadaye. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, na kifungo hicho kikazaa Sauti ya Dhiki. Chozi la Heri, riwaya iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, inagusa ukeketaji na vurugu za baada ya uchaguzi. Mwanafunzi aliyetuzwa alama kwa kuyachambua masuala hayo vitabuni ataambiwaje kuwa hayasemeki anapoyakuta nyumbani kwao?

Kwa upande mwingine, wapo wanaomhimiza mwombaji anene, tena anene kwa kilio. Hudhani kwamba mfadhili anayesikia jina la Homa Bay hutarajia yatima, njaa na jeneza. Ushauri huu ni mbaya kuliko ule wa kwanza. Kijana wa Mbita aliyelelewa na wazazi wote wawili, na ambaye mapenzi yake ni fizikia, hujiona hana hadithi hadi aazime msiba wa jirani.

Ukweli ni kwamba utata wa mada si kipimo cha kutosha. La kwanza la kuuliza ni siri hiyo ni ya nani. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haikupewa ruhusa ya kuitangaza sokoni. Mchukulie msichana wa Kuria aliyeponea kisu. Sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000. Aya moja ya insha yake yaweza kuwa ushahidi dhidi ya nyanya yake. Vivyo hivyo, mama anayemeza dawa zake faraghani analindwa na sheria ya mwaka 2006 kuhusu VVU na UKIMWI; ari ya mwanawe ya kupata chuo haimpi haki ya kutangaza hali ya mama huyo. Ruhusa iombwe. Ikikosekana, mwandishi abaki na lililo lake: woga wake, swali lake, uamuzi wake.

La pili ni iwapo mwandishi ameifikiria mada yenyewe. Tuseme waombaji wawili wanaandika kuhusu jaboya. Wa kwanza anawalaani wavuvi mwanzo hadi mwisho. Wa pili anaanza na samaki anayeharibika kwa kukosa barafu, mchuuzi asiye na mtaji, na mvuvi ambaye huenda chombo si chake. Kisha anajiuliza mkopo wa chama cha akina mama ungebadilisha nini, na nini kisingebadilika. Wote wamegusa mada ileile tata, lakini ni wa pili tu aliyeonyesha akili inayostahili chuo.

Hapa ndipo wajibu wa walimu wa Kiswahili unapodhihirika. Mtahiniwa wa insha ya KCSE huzoezwa kupamba kwa tamathali na kuhitimisha kwa methali, na ni nadra kuulizwa yeye mwenyewe anafikiri nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini anayeyatangaza maradhi ya mwenzake bila idhini huumbua wawili. Kijana wa Migori na Homa Bay afundishwe kunena kwa hoja, na kunyamaza kwa heshima pale ambapo neno si lake.