Uvimbe wa taya: picha kwanza, kisu baadaye

Hapa kwetu mtu akivimba taya, maneno yanatangulia dawa. Huyu anasema amerogwa, yule anasema ni jino bovu, mwingine kansa. Mgonjwa anang'olewa meno mawili matatu, makuta yanaisha, na uvimbe unabaki palepale.

Kuna magonjwa ya taya ambayo si kansa. Mahali pa mfupa wa kawaida panajaa nyama ya nyuzinyuzi. Kwa macho yanafanana, lakini matunzo yake hayafanane.

La kwanza ni displazia ya nyuzi. Linaanza utotoni, linakua polepole, na mara nyingi linatulia mwili ukiacha kukua. Haliambukizi, wala mzazi hamrithishi mtoto. Munganga anafuatilia, anachonga mfupa baadaye kama sura imeharibika, na anawahi kama jicho linabanwa. Kulichoma kwa miale ni hatari: kunaweza kuligeuza kansa.

La pili ni fibroma ya mfupa. Hii ina mipaka inayoonekana kwenye picha, na haiachi kukua yenyewe. Inatakiwa itolewe yote. Ikibakia kipande, inaweza kurudi.

La tatu linapata zaidi wanawake weusi wa umri wa makamo, kwenye mizizi ya meno ya chini. Kwa kawaida haliumi na halitaki kukatwa. Ukilichokoa, ao ukang'oa jino zima bila sababu, mikrobi inaingia na mfupa unaweza kuoza.

Basi moja ni kungoja, moja ni kutoa, moja ni kuacha. Nani atajua bila picha? Vituo vingi vya afya vijijini havina mashine ya radio. Kwa hiyo kazi ya muuguzi si kushika koleo. Ni kuandika karatasi ya kumtuma mgonjwa hospitali kubwa. Kule apigwe radio ya taya lote, jino lijaribiwe kama lingali hai, na mashaka yakibaki, waganga waamue kama kipande kipelekwe maabara.

Lakini kungoja si kwa kila mtu. Mtoto akivimba taya kwa siku ao juma chache, meno yakalegea, inaweza kuwa kansa ya Burkitt. Ile inakimbia sana, lakini ikiwahiwa inatibika kwa dawa. Huyo apelekwe leo, si kesho.

Mzazi, mbele ya kulipa upasuaji uliza hivi: picha imeonyesha nini? Kama hakuna picha, usikubali kisu.